Nilitumwa Kuuliza Kama Ungali Hai

Vijana wa labo, mliniomba niandike machache kabla sijayachanganya, nami nimekubali. Sasa nimestaafu, nina asubuhi ndefu, kahawa yangu haipoi tena kando ya mashine ya microtome, na mume wangu ameomba kwa adabu kwamba habari za vibofu zisisimuliwe mezani. Basi nitawasimulia ninyi. Vyeo nitaviruka. Mishahara nitairuka pia, na anayeijua serikali yetu ataelewa kwamba hapo hakuna mengi ya kuruka.

Siku ya kwanza nilipanda kilima cha hospitali, hapa Butembo, nimevaa viatu vya dada yangu vilivyonibana. Nilikuwa nimetoka shule ya maabara nikijua kupima malaria, minyoo na sukari. Lakini nilipelekwa katika chumba cha mwisho, kile chenye dirisha linalotazama shamba la kabichi, ambako hakuna aliyetaka kufanya kazi kwa sababu ya formol. Formol ni ile dawa ya kuhifadhi kinyama cha mgonjwa kisioze. Inachoma macho na inang'ang'ania nguo. Jioni ile mama yangu aliniambia nikiwa bado mlangoni, "Masika, unanuka lopitale muzima."

Aliyenipokea alikuwa Docteur Ilunga, daktari wa kusoma vinyama kwa microscope. Serikali ilimtuma kutoka Katanga, na watu wa Butembo walikuwa wakibahatisha atakaa miezi mingapi kabla ya kuomba kurudi kwao. Alikaa mpaka nywele zikamwisha. Siku ile aliweka mbele yangu kichupa chenye kitu kidogo kama punje ya haragwe.

"Hii ni nini?" aliniuliza.

"Nyama, Docteur."

"Hapana. Hii ni baba moya wa Vuhovi. Iko nje mu couloir, anangoya. Andika jina yake mbele ya kugusa kitu yoyote."

Nikaandika jina, kisha nikatoka hadi mlangoni kumtazama mwenye jina kwenye ujia. Alikuwa ameketi, kofia magotini. Niliporudi mezani mikono yangu ilikuwa na adabu zaidi.

Kazi yenyewe mnaijua, ila naieleza kwa ajili ya watoto wangu, watakaosoma hii kwa siri. Kinyama kinalala katika formol, kinapitishwa katika pombe kali mpaka maji yote yatoke, halafu kinazamishwa katika parafini iliyoyeyuka. Ikiganda, unapata bloc, kipande cha nta kinachoenea kiganjani, na ndani yake yumo mgonjwa. Bloc hiyo unaikata kwa microtome, mashine yenye kisu na mkono wa kuzungusha, upate utando mwembamba kupita ganda la kitunguu. Utando unauweka uelee juu ya maji ya vuguvugu, unaunasa kwa kioo tunachokiita lame, unautia rangi, na daktari anasoma. Mimi nilijifunzia kwenye maini ya ng'ombe. Nilinunua maini mengi hivi kwamba mchinjaji aliniuliza kwa heshima nina watoto wangapi. Nilikuwa sina hata mchumba.

Docteur Ilunga alifundisha kwa kunyamaza. Ukikata vibaya, alichukua lame, akaitazama kwenye mwanga wa dirisha, akairudisha mezani bila kusema. Ukikata vizuri, alifanya vilevile, ila akapiga mluzi. Kwa miezi mingi nilifanya kazi nikisubiri mluzi.

Baadaye nilitumwa Beni kusaidia kuanzisha chumba kama chetu. Butembo kuna baridi ya mlimani, parafini inakaa ngumu bila kubembelezwa. Beni kuna joto. Siku ya kwanza huko utando ulikunjamana, ukashikamana na kisu kama bugali kwenye mwiko. Hakukuwa na friji iliyokuwa tayari kufanya kazi siku nzima. Nikatoka mpaka sokoni Bungulu, nikamkuta mama anayeuza samaki wa ziwani, nikamwomba barafu. Aliuliza ninahifadhi samaki gani. Nikamwambia si samaki, ni watu. Alinifungia barafu na kukataa kuniuliza zaidi. Nililaza bloc juu ya barafu, zikakatika vizuri mno. Chumba chetu kilinuka tilapia mpaka mwisho wa msimu, na wagonjwa waliopita dirishani waliuliza chakula kitakuwa tayari lini.

Sasa nije kwenye vibofu, ambavyo vilichukua nusu ya maisha yangu.

Uvimbe wa kibofu cha mkojo mara nyingi hujitangaza kwa damu. Mtu anakwenda haja ndogo, anaona nyekundu, haumwi popote, anajiambia ni uchovu. Akifika kwetu, daktari wa upasuaji anapitisha bomba lenye taa kwenye njia ya mkojo, anaukwangua uvimbe, na vipande vinaletwa labo. Tunachoulizwa ni maswali mawili: ni kansa? Na kama ni kansa, itakwenda wapi? Swali la kwanza Docteur Ilunga alilijibu vizuri. La pili lilimnyima raha.

Katika msimu mmoja walitujia watu wawili. Wa kwanza alikuwa Mama Katungu, mkulima wa viazi wa Kipese, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kusikika bonde la pili. Wa pili alikuwa Mzee Kambale wa Vuhovi, mpole, aliyekuja na mke wake wakigawana mwavuli mmoja. Uvimbe wa wote wawili ulikuwa umeanza kuingia chini ya ngozi ya ndani ya kibofu, ila haujafika kwenye msuli. Docteur Ilunga aliniita, akaweka lame zao kando kando.

"Tazama hii, kisha tazama ile. Unaona tofauti?"

Nilitazama muda mrefu. "Sioni, Docteur."

"Miye pia sioni," alisema. "Na hiyo njo inanisumbua."

Daktari wa upasuaji aliwashauri wote waende mbali, kwenye hospitali kubwa, kibofu kitolewe chote. Mzee Kambale alisema atafikiri na familia. Mama Katungu aliuliza swali moja tu, nami nilikuwepo kwa sababu nilileta majibu ya labo.

"Nikitoka kule, nitaweza kulima?"

"Si mara moja, mama," alisema daktari wa upasuaji. "Na utavaa mufuko wa mukojo pa tumbo."

"Bon. Aksanti kwa kunichunga," alisema Mama Katungu. "Lakini miye narudia kwa viazi yangu."

Akafunga kitenge chake, akatuaga mmoja mmoja kwa mkono, akaondoka. Docteur Ilunga alisimama dirishani akimtazama akishuka kilima. Alisema kwa sauti ya chini kwamba hatutamwona tena.

Mzee Kambale alifariki kabla familia haijamaliza kushauriana. Kansa ilikimbia ndani yake kama moto kwenye majani makavu. Mwanawe alikuja kutuambia. Docteur Ilunga alimpa pole, akarudi mezani, akatoa tena zile lame mbili na kuzitazama kana kwamba moja ingetubu.

Tangu siku ile alikataa bloc yoyote ya kibofu itupwe. Msimamizi wa hospitali alihitaji kabati letu kwa karatasi za ofisi. Docteur Ilunga alimjibu kwamba karatasi zinaweza kungoja nje, lakini watu wake hapana. Alinifundisha pia kuwa mkali na formol: ichanganywe upya, isiwe ya zamani, na kinyama kisilale humo siku nyingi kwa sababu tu ni wikendi. Niliona ni ukaidi wa mzee. Kila Jumamosi nilipanda kilima kutoa vinyama kwenye formol, nikinung'unika njia nzima.

Alipostaafu, alirudi Katanga. Tulimpikia sombe ya majani ya muhogo na kuku, akala mara mbili, akaniachia funguo za kabati na koti lake la labo, ambalo lilinifika magotini.

Baada ya kitambo tukampata Docteur Kavira mahali pake. Ninyi mnamjua akiwa na miwani na cheo. Mimi namkumbuka akishuka kwenye moto, yaani pikipiki, tope hadi kwenye mapaja, mtoto wa Vuhovi aliyekwenda kusoma ng'ambo na kurudi. Alipofungua kabati langu, alipitisha kidole kwenye safu za bloc. Halafu aligeuka.

"Mama Masika, hizi zote ni vibofu?"

"Vibofu, figo kidogo, na mirija. Njia yote ya mukojo, Docteur."

"Unajua uko na nini hapa?"

"Najua niko na kabati inajaa."

Alicheka, akavuta kiti, akanieleza. Ndani ya kila chembe ya mwili kuna jeni, ambazo ni maagizo ya namna chembe itakavyoishi. Katika uvimbe baadhi ya maagizo yameharibika, na hayaharibiki ovyo tu, yana mitindo. Uvimbe wa watu wawili unaweza kuwa na sura moja chini ya microscope na bado maagizo yaliyoharibika ndani yake yakawa tofauti. Jeni moja ikibadilika, inayoitwa FGFR3, mara nyingi uvimbe unakuwa wa pole: unarudi rudi, lakini hauna haraka ya kwenda mbali. Nyingine, TP53, ikiharibika, mara nyingi uvimbe unakuwa mkali. Nilimwambia majina hayo yanafanana na namba za gari. Alisema ndiyo, na kwamba kwa bahati mbaya hakuna polisi wa barabarani anayezisoma kwa macho.

Mpango wake ulikuwa huu. Tungekata tando chache kutoka kila bloc ya zamani, tuzipeleke kwenye maabara ya nje yenye mashine za kusoma jeni. Lakini kusoma jeni peke yake hakumsaidii mtu. Ilikuwa lazima tujue pia kilichompata kila mgonjwa: alipona, alirudiwa, au alifariki. Mtindo wa jeni upande mmoja, maisha ya mtu upande wa pili. Vikiwekwa pamoja ndipo vingetusaidia kumwambia mgonjwa wa kesho jambo la kweli.

"Na nani atakwenda kuuliza bale bagonjwa?" niliuliza.

Docteur Kavira alikuwa tayari ananitazama.

Ruhusa zilipotoka, nilianza safari. Nilikwenda kwa moto, nimefunga kitambaa kichwani, na kwenye mkoba nimeweka karatasi za ridhaa, biskuti na koti la mvua. Kuna barabara ambazo siku fulani hazikupitika kwa sababu za usalama, na siku hizo nilibaki labo nikikata. Siku nyingine nilifika, nikabisha hodi, na nikagundua kwamba hakuna njia nzuri ya kuuliza swali langu. Unamuulizaje mtu kama baba yake amekufa bila kuonekana unatumaini jibu fulani?

Vuhovi nilimkuta mjane wa Mzee Kambale akianika kahawa. Alinikumbuka. Tulikaa kwenye benchi, nikamweleza ninachotaka kufanya na kile kipande cha mume wake. Alisikiliza mpaka mwisho, mikono ikiendelea kuchagua punje mbovu.

"Kama mungelikuwa na hiyo mashini ile wakati," alisema, "angelipona?"

Nilimwambia kweli. "Sijui, mama. Tungeliweza kumusukuma aende mbio kwa kupasuliwa. Labda ingelimusaidia, labda hapana."

Alichagua punje nyingine chache. "Alikuwa mutu wa kufikiri pole pole," alisema. "Mungelimusukuma sana." Kisha akaweka alama ya kidole gumba kwenye karatasi na kuongeza, "Tumieni. Asaidie bengine." Nilipoondoka alinipa kahawa imefungwa kwenye jani la mgomba.

Kipese niliiacha mwisho. Nilishajua nitakachokikuta, nikaona sina haraka ya kukisikia. Baridi ilikuwa ya kukata masikio, na mashamba ya viazi na leki, vile vitunguu vya majani marefu, yalipanda kilima hadi kwenye ukungu. Niliteremka kwenye moto karibu na kundi la wanawake waliokuwa wakivuna, nikasalimu, nikasema kwa uangalifu wote kwamba naitafuta familia ya marehemu Mama Katungu.

Wanawake waliacha kuvuna. Mmoja wao alinyoosha mgongo polepole. Alikuwa mfupi, na sauti yake ilisikika bonde la pili.

"Nani alisema niko marehemu?"

Vijana, nilikaa chini. Nilikaa palepale kwenye tuta, kwenye udongo wenye maji. Mama Katungu alinijia, akaegemea jembe lake na kuniangalia kwa makini.

"Wewe njo ule mutoto wa labo. Ulinenepa."

"Ndiyo, mama."

"Banakutuma kuangalia kama nimekufa?"

Nilitafuta neno laini zaidi, sikulipata. "Ndiyo, mama. Ni hiyo kabisa."

Alicheka mpaka akashika jembe kwa mikono miwili, na wenzake wakacheka, na yule dereva wa moto, ambaye hakuelewa lolote, alicheka kuliko wote. Kisha Mama Katungu akaeleza. Damu ilirudi mara mbili tatu kwa miaka yote ile. Kila ikirudi, alikwenda kwenye kituo cha afya, wakampeleka kwa daktari aliyekuwa akipita huko, akakwanguliwa, akarudi shambani. Hakuna aliyemwambia kwamba anapaswa kuwa amekufa, basi hakujisumbua. Alinionyesha wajukuu, kisha akanionyesha viazi, kwa fahari ileile. Nilirudi Butembo na gunia la viazi nyuma ya moto na leki zikichomoza pande zote, na nadhani nilicheka peke yangu njia nzima.

Kesho yake nilimpigia Docteur Ilunga, Katanga. Alikuwa mzee wa kusikia kwa shida, ikabidi nipige kelele labo nzima isikie.

"Mama Katungu wa Kipese, Docteur. Iko muzima. Nimemukuta analima."

Aliniomba nirudie jina, nikarudia.

"Masika," alisema hatimaye, "hii maisha yangu yote sijawahi kukosea vizuri namna hii."

Kisha nikasikia, kutoka Katanga, mluzi.

Majibu ya jeni yalichukua muda kuja. Baadhi ya bloc za zamani kabisa, zilizotengenezwa kabla ya Docteur Ilunga, zilishindwa. Formol ilikuwa imezila. Zake zilisomeka karibu zote, na hapo ndipo nilipoacha kuzinung'unikia zile Jumamosi. Uvimbe wa Mama Katungu ulikuwa na mtindo wa pole. Wa Mzee Kambale ulikuwa mkali. Lame mbili ambazo daktari wangu hakuweza kuzitofautisha zilitofautiana waziwazi mahali ambapo jicho halifiki.

Docteur Kavira alituonya tusishangilie kupita kiasi. Palikuwa na mzee mmoja wa mtindo wa pole aliyefariki, na mama mmoja wa mtindo mkali aliyekuwa bado anauza maandazi sokoni. "Jeni haitabiri kama nabii," alisema. "Inatuambia tu hatari iko upande gani. Kuamua ni kazi yetu, na ya mugonjwa." Andikeni maneno hayo ukutani, nikiruhusiwa bado kuagiza kitu chochote baada ya kustaafu.

Mgonjwa wa kwanza ambaye elimu hii ilimkuta kabla ya kisu alikuwa Mzee Ramazani wa Bungulu, Beni. Alikuwa na malori, mtu wa safari za Kasindi, mpakani, na Butembo, mrefu, mwenye kofia nyeupe safi hata siku za tope. Alikuja na mke wake, Mama Zaina, ambaye ndiye aliyeiona damu na kumlazimisha aje. Uvimbe wake ulikuwa vilevile kama zile lame mbili: umeingia chini ya ngozi ya ndani, haujafika kwenye msuli, na sura yake mbaya.

Daktari wetu wa upasuaji wa njia ya mkojo, Docteur Mbusa, alitaka kibofu kitoke. Hakuwa mtu wa kupenda kisu. Alikuwa amewazika wagonjwa waliochelewa, na hakutaka kuongeza mwingine. Mzee Ramazani alimsikiliza bila kumkatiza.

"Docteur, nitauliza moya tu. Na huo mufuko, nitaswali ginsi gani?"

"Nilisikia dini yenu inaruhusu mugonjwa, baba."

"Inaruhusu. Sheikh wetu aliniambia vilevile, hakuna tatizo. Lakini miye niko mutu wa barabara, Docteur. Nalala mu lori, naoga penye maji iko. Kama ni lazima, mukate. Ninaomba tu muniambie kama ni lazima."

Docteur Kavira aliomba muda apeleke bloc ikasomwe jeni. Docteur Mbusa alimfuata hadi labo, akafunga mlango, nami nikawa napanga lame ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

"Collègue, jeni haimujui huyu baba," alisema. "Tukingoya na ikakimbia, nani atamwambia Mama Zaina? Wewe?"

"Miye," alijibu Docteur Kavira. "Lakini tukitoa kibofu na haikuwa lazima, nani atamwambia yeye?"

Walikubaliana hivi: Docteur Mbusa angemkwangua mara ya pili, kuhakikisha msuli ni safi, na wakati huohuo bloc ingesafiri. Mimi niliikata. Niliwahi kukata bloc nyingi mno maishani, lakini kwa hiyo nilibadilisha kisu, nikafuta mashine, na nikamwomba Mungu, ambaye huwa simsumbui kwa mambo ya labo.

Mkwanguo wa pili ulionyesha msuli safi. Ukabaki ule ungojaji. Mama Zaina alipiga simu kila Ijumaa baada ya swala kuuliza kama kuna habari, na kila Ijumaa nilimwambia bado, naye akaniuliza basi watoto wangu hawajambo. Tulifahamiana sana kwa njia hiyo. Nilijua lori gani limeharibika na binti gani anaolewa.

Majibu yalifika mchana wa mvua, katika kompyuta ya Docteur Kavira. Alisoma kwa sauti huku nikiwa nimesimama nyuma yake. FGFR3 imebadilika. TP53 nzima. Hakupiga makofi. Aliichapisha karatasi, akavuka ua bila mwavuli hadi kwa Docteur Mbusa. Yeye aliisoma mara mbili, akaomba lame zote tena, akazitazama kwa muda mrefu. Mwisho alisema, "Bon. Tuite baba na mama. Lakini nitakuwa mukali naye."

Wakaja. Docteur Kavira aliwaeleza kwa Kiswahili cha nyumbani, bila maneno ya kitabu.

"Donc nimepona?" aliuliza Mzee Ramazani.

"Hapana, baba. Hii ugonjwa iko na tabia ya pole, hiyo njo tumeona. Inaweza kurudia. Ikirudia, tunataka tuione ingali kidogo. Tutakutia dawa ndani ya kibofu, na kila miezi tatu Docteur Mbusa ataangalia kwa taa."

"Na siku ukikosa kuya," alidakia Docteur Mbusa, "tutarudia kwa ile maneno ya kisu. Sitaki kusikia lori ilikwama."

Mzee Ramazani akamtazama mke wake. Mama Zaina alikuwa amejifuta macho na tayari amekaa sawa.

"Docteur, hapana kumuonya yeye," alisema. "Munionye miye. Njo miye nitamuleta."

Na alimleta. Walikuja kwa basi, walikuja kwa gari la kukodi, na mara moja walikuja na lori lenye shehena ya saruji, ambalo dereva aliliegesha mbele ya lango hadi ambulance ikapiga honi na mkurugenzi akatoka na kitambaa cha mezani shingoni. Katika ukaguzi mmoja Docteur Mbusa alikuta kichipukizi kidogo. Tulikikata na kukisoma kwa siku mbili. Kilikuwa cha daraja la chini, cha kukwanguliwa na kusahauliwa. Mama Zaina alinikumbatia mu couloir, nami nikagundua kwamba tulikuwa tumeshaacha kuitana madame.

Wiki yangu ya mwisho kazini, Mzee Ramazani alikuwa na zamu yake ya ukaguzi. Mkojo wake uliletwa labo asubuhi, nikauzungusha kwenye mashine mpaka chembe zikakaa chini, nikazitandaza kwenye lame, nikazitia rangi. Docteur Kavira alizisoma polepole kutoka ukingo hadi ukingo, kama alivyozoea. Wakati huo Docteur Mbusa alikuwa upande wa pili akitazama kwa taa yake, na nasikia alimgeuzia baba kioo cha runinga ajionee mwenyewe. Walitoka pamoja hadi kwenye mlango wetu.

"Kwangu safi," alisema Docteur Mbusa. "Na kwenu?"

"Hakuna kitu," alisema Docteur Kavira. "Chembe zote za kawaida."

Mzee Ramazani alivua viatu, akaenda kwenye bomba la uani, akatia udhu taratibu, akatandika koti lake kwenye nyasi za upande wa kivuli, akaswali. Mama Zaina alisimama nami mlangoni, mkoba wake ameubana kifuani. Mzee Ramazani alipomaliza, alikung'uta koti, akalivaa, akavaa viatu, akatujia.

"Sasa," alimuuliza Docteur Kavira, "naweza kwenda Kasindi leo?"

"Unaweza, baba."

"Basi twende, Zaina. Lori inangoya."

Nikawatazama wakishuka kilima, yeye mbele na mkewe nyuma akimwambia apunguze mwendo. Hakupunguza.